Jeep Ipimwe kwa Mwaka Mbaya

Hakuna aibu kuitamani jeep. Tuanze na neno hilo, kwa sababu mawaidha mengi juu ya fedha huanza kwa kumsuta msikilizaji, na mtu aliyesutwa hafungui sikio. Mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière wa miaka ya 1950 alitamani baiskeli mpya na mkewe akatamani cherehani. Waliovipata walitembea kifua mbele, na ilikuwa haki yao. Leo mjukuu wa mfanyakazi yule, akiwa fundi umeme mgodini au mnunuzi wa mawe ya shaba na kobalti, anaitazama Prado inayopita Ruashi, hapa Lubumbashi, kuelekea uwanja wa ndege wa Luano na kusema moyoni kwamba siku moja itakuwa zamu yake. Tamaa ni ile ile, ila bei yake si ile ile. Jeep ya ndoto humeza mishahara ya miaka. Ninachotaka kusema ni hiki: katika mji unaoishi kwa bei ya madini, gari la thamani kubwa lisipimwe kwa mshahara wa mwezi huu. Lipimwe kwa mwaka ule ambao machimbo yatanyamaza, maana mwaka huo huja, na huja mara nyingi kuliko tunavyopenda kukumbuka.

Mkazi wa Ruashi hahitaji kuelezwa kwamba riziki yake imefungwa kwenye madini. Mgodi wa Ruashi, ulio leo mikononi mwa Jinchuan ya China, umepakana na nyumba za watu. Lakini tunasahau upesi jinsi kamba hiyo inavyokatika. Gécamines, mrithi wa Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Septemba 1990 mgodi wa chini ya ardhi wa Kamoto, huko Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1994 kampuni nzima haikufikisha hata tani 40,000. Kampuni iliyokuwa ikitoa posho, nyumba, shule na hospitali ikashindwa kulipa mishahara. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alitoa mwaka 2001 kitabu kuhusu familia za wafanyakazi hao, akakiita *Bana Shaba abandonnés par leur père*, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Hakuna msomaji wa Lubumbashi aliyehitaji kuuliza baba huyo ni nani.

Asidhani mtu kwamba hayo yalikwisha pamoja na Zaire. Julai 2008 tani moja ya shaba ilikaribia dola 9,000; kabla ya mwaka kwisha ilikuwa chini ya dola 3,000, na huku Katanga makampuni yakafunga milango, wachimbaji wa mikono wakatawanyika. Mwaka 2015 bei iliposhuka tena, Glencore ilisimamisha uzalishaji wa Katanga Mining huko Kolwezi. Kobalti, iliyopita dola 90,000 kwa tani mwanzoni mwa 2018, mwaka uliofuata ilikuwa chini ya dola 30,000, na mgodi wa Mutanda ukasimamishwa. Ikapanda tena mwaka 2022, watu wakanunua jeep tena, kisha ikaporomoka hadi karibu dola 20,000, na tarehe 22 Februari 2025 serikali ya Kinshasa ikazuia kobalti yote isiuzwe nje. Zuio likaongezwa muda, hadi Oktoba lilipogeuzwa kuwa mgao kwa kila kampuni. Tuhesabu basi: 2008, 2015, 2019, 2025. Ni mishtuko minne katika miaka 17, na kati ya mmoja na mwingine ilipita miaka minne hadi saba. Na mkopo wa gari hulipwa kwa muda gani? Miaka mitatu, minne, mara nyingine mitano. Kwa hiyo anayekopa leo akitegemea mshahara wa mgodi asiseme kwamba mwaka mbaya ukija utakuwa bahati mbaya. Kwa hesabu ya kawaida kabisa, mkopo wake na mwaka huo huenda vikakutana njiani.

Tuchukue mfano, namba zake zikiwa za kufikirika. Mtu anataka jeep ya dola 30,000, na gari dogo lililo zima angelipata kwa dola 8,000. Pengo ni dola 22,000. Ni pengo hilo, wala si bei yote ya jeep, linalopaswa kuwekwa kwenye mizani, kwa sababu tukikubali kwamba familia inahitaji chombo cha usafiri, swali linabaki: hizo 22,000 za ziada zinanunua nini? Hazinunui safari, maana gari dogo nalo lingefika. Na pengo lenyewe halikai pale pale. Jeep hunywa mafuta zaidi, na mafuta ya Lubumbashi husafiri mbali kabla ya kufika, ndiyo maana kila baada ya muda foleni huonekana kwenye vituo. Matairi yake ni ghali, vipuri vyake ni ghali, bima yake ni kubwa. Kama imetoka Japani, imeshuka Dar es Salaam, ikavuka Tunduma na Zambia mpaka Kasumbalesa, na kila mpaka una mkono wake. Ikifika ina usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, na hapo mwenyewe ama anakubali kuyapita malori bila kuona mbele, ama anamlipa fundi ahamishe usukani, kazi ambayo heri isifanywe gerejini penye haraka. Wakati huo wote thamani ya gari inashuka. Mtu akiliuza mwaka mbaya atakuta wenzake nao wanauza, kwa sababu wote waliinuliwa na kobalti ile ile, na wote wameangushwa nayo siku moja. Hapo ndipo jeep ya dola 30,000 huondoka kwa bei ya aibu, na deni likabaki nyumbani. Aliyekopa benki hukatwa kabla mshahara haujamfikia. Aliyekimbilia Banque Lambert, wale wakopeshaji wa mtaani wasio na ofisi, huona riba ya mwezi mmoja ikizidi ile ambayo wengine hulipa kwa mwaka.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye hati yoyote, nayo kwa maoni yangu ndiyo nzito kuliko mafuta na matairi. Jeep hutangaza kipato. Siku inapoegeshwa mbele ya nyumba, ukoo mzima umepewa habari, na tangu siku hiyo mwenye jeep hana tena ruhusa ya kusema hana. Kwenye matanga mchango wake utakadiriwa kwa gari, si kwa mshahara. Mpwa anayedaiwa minervali, yaani karo ya shule, ataelekezwa kwake. Kwenye harusi ataombwa gari, kisha mafuta ya gari, kisha fungu la vinywaji. Si kwamba kusaidia ni kubaya. Ukoo ndio uliowabeba wengi wetu wakati mshahara ulipokatika. Ila kuna tofauti kati ya anayetoa kwa kiasi anachokijua mwenyewe na anayetozwa kwa kiasi kilichokisiwa na watu barabarani. Mwenye gari dogo akitoa dola 50 husifiwa. Mwenye jeep akitoa hizo hizo husemwa.

Sasa tusikilize pingamizi, na tuanze na lile lenye nguvu. Wahenga walisema akiba haiozi. Wazee wa Zaire waliiona akiba ikioza. Mwaka 1991 mchezo wa fedha ulioitwa Bindo ulianguka Kinshasa na kuondoka na fedha za maelfu ya watu. Oktoba 1993 zaire milioni 3 zilibadilishwa kuwa zaire mpya moja, na mwaka uliofuata bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mtu aliyeona hayo, au aliyelelewa na walioyaona, husema: afadhali chuma ninachokigusa kuliko karatasi iliyoko benki. Hoja hiyo si ya kipumbavu, na anayeijibu kwa kusema tu "weka benki" hajaijua nchi hii. Lakini iangaliwe vizuri inathibitisha nini. Inathibitisha kwamba mali ikae katika kitu, haithibitishi kwamba kitu hicho kiwe na injini. Miaka ile ya njaa, katika kambi za Gécamines, kilichopika chungu kilikuwa meza ya mama aliyeuza unga, mkaa na samaki, shamba la mahindi nje ya mji, na chumba kilichopangishwa. Tofali lililochomwa kwa udongo wa kichuguu halidai mafuta, na nyumba ya kupangisha huanza kulipa siku mpangaji anapotoa garanti, yaani amana ya kupanga. Kweli, ardhi nayo ina hatari zake: huku kwetu kiwanja kimoja kimewahi kuuzwa kwa watu wawili, na asiye na cheti cha kuandikishwa amenunua kesi. Hatari hiyo hupunguzwa kwa kufuatilia karatasi. Kushuka kwa thamani ya gari hakupunguzwi kwa karatasi yoyote.

Tena tuna ushahidi wa karibu juu ya fedha zinazokuja kwa mkupuo. Mwaka 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa ule mpango ulioitwa wa hiari, wakiwa wamekaa muda mrefu bila mishahara, wakapewa malipo yao ya mwisho. Kiasi kilitofautiana kwa cheo na miaka ya kazi, na wengi walilalamika, kwa haki, kwamba ni kidogo. Lakini kwa wote kilikuwa cha mwisho: hapakuwa na mwezi wa pili. Anayepokea leo malipo ya kuachishwa kazi, au faida ya msimu mmoja mzuri wa mawe, yuko katika hali ile ile hata kama hajui, na kununua jeep kwa fedha hizo ni kuchukua chakula cha miaka mingi na kukitia katika kitu kinachoomba chakula badala ya kukileta.

Wengine husema: sisi wafanyabiashara tunahukumiwa kwa macho, nikifika kwenye ofisi ya kampuni kubwa nikiomba kazi ya ukandarasi nimeketi katika kigari, mlinzi hanifungulii geti. Hili nalo lina ukweli wake, na ni aibu ya mji wetu kwamba lina ukweli. Ila jeep inaweza kukodiwa kwa siku tatu za mazungumzo, na mkandarasi aliyeingiza mtaji wote ndani ya gari akipata ile kazi atakosa fedha za kuwalipa vibarua mpaka ankara yake ilipwe. Baada ya tangazo la Novemba 1973 la Mobutu, wengi waliogawiwa maduka ya wageni waliuza bidhaa zilizokuwamo, wakanunua Mercedes, na hawakujaza rafu tena. Walionekana matajiri kwa muda ule ule ambao biashara ilikuwa inakufa nyuma yao.

Pingamizi la barabara na la hospitali halihitaji maneno mengi. Mvua zinapoanza Novemba, mitaa ya Ruashi huwa matope, ni kweli; lakini teksi zinazopeleka watu mjini kila siku katika matope hayo ni magari madogo. Na mama aliyeshikwa na uchungu saa nane za usiku anahitaji kufikishwa hospitali ya Sendwe, jambo linalotosha kumshawishi kila mume awe na gari lililo zima. Halimshawishi awe na la dola 30,000.

Je, basi, jeep isinunuliwe kamwe? Inunuliwe, na aliyeifikia aiendeshe bila kumwomba mtu radhi. Ila kabla ya kumtuma dalali, mume na mke waketi na daftari. Waandike chakula cha miezi 12 bila mshahara, minervali ya watoto walioko sekondari, maana elimu ya bure iliyotangazwa mwaka 2019 inaishia shule ya msingi, dawa, na kodi ya nyumba kama bado wanapanga. Jumla hiyo iwe imekwisha kuwekwa pembeni, kwa dola au kwa matofali, ndipo waangalie kilichobaki. Kikitosha jeep bila mkopo, safari njema. Kisipotosha, kile kiasi ambacho wangelilipa benki kila mwezi wakilipe katika likelemba, ule mchango wa kupeana kwa zamu, au wakinunulie saruji kwa mwaka mmoja, wakiwa na gari dogo. Mwaka huo utawaonyesha kama wangeyaweza malipo, na wakishindwa mwezi wa nne hakuna atakayekuja kuchukua kitu uani.

Na mke asihesabiwe kuwa shahidi tu wa daftari hilo. Katika miaka ya Gécamines kufa, yeye ndiye aliyejua kilo moja ya unga imepanda kwa kiasi gani kati ya asubuhi na jioni.