Pima Nyumba Kabla ya Kununua Ruta

Siku hizi intaneti imekuwa haja ya nyumbani kama maji na umeme. Mtoto hutafutia humo masomo, na wazazi hufanyia humo kazi na biashara. Basi inapozorota, wengi wetu hukimbilia dukani kutafuta ruta mpya, tena ya bei kubwa. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kabla ya kutoa fedha ya mshahara, yafaa kujua kwanza kasoro iko wapi.

Kipimo chake ni rahisi. Kaa na simu hatua mbili kutoka kwenye ruta, ujaribu kufungua video. Kisha nenda chumba cha mwisho ujaribu tena. Ikiwa hata karibu na ruta video inakwama, huenda kasoro inatoka nje: mnara u mbali, au watumiaji ni wengi. Hapo kuongeza ruta hakutasaidia. Ikiwa karibu inakwenda vyema na chumbani inakwama, kasoro imo ndani ya nyumba.

Chukua mfano wa mkazi wa Misugusugu, kati ya Maili Moja na Mlandizi, atumiaye ruta ya laini ya simu. Huyu hana budi kuwauliza majirani mtandao upi unashika vizuri saa za jioni, kisha aijaribu laini hiyo katika simu yake siku mbili tatu. Aulize pia dukani kama ruta inapokea laini ya kampuni yoyote, maana nyingine zimefungwa kwa kampuni moja. Ruta hiyo huwekwa karibu na dirisha, upande ambako mawimbi yanashika zaidi.

Kuhusu ndani ya nyumba, chagua ruta yenye mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Yale ya gigahezi 5 yana kasi kubwa, lakini hudhoofika upesi mbele ya matofali ya saruji. Mabati huyarudisha yote. Kwa hiyo, usiifiche ruta nyuma ya jokofu wala ndani ya kabati la chuma.

Ruta za meshi, zinazopokezana mawimbi, zinafaa nyumba kubwa au yenye vyumba vya uani. Ya pili isiwekwe pale pasipofika mawimbi, bali katikati ya njia. Na ikiunganishwa na ya kwanza kwa waya, ni bora zaidi.

Mwisho, hakikisha kifaa kimeidhinishwa na TCRA, ubadilishe nywila ya kiwandani siku ya kwanza, na ukiweza upate betri ndogo inayolingana na volti zake, umeme ukikatika mtoto aendelee kusoma. Nyumba ya vyumba vitatu haihitaji mitambo ya hoteli.