Malenga wa Bara Niliyemkosa

Joseph Kamaru alipofariki dunia Nairobi tarehe 3 Oktoba, 2018, nilikuwa nimekwisha rudi kwetu Mombasa. Habari ile niliisikia redioni baada ya magharibi, na kitu cha kwanza kilichonijia, wasomaji wangu, si majonzi bali ni haya. Mtu yule nilimpenda kwa kanda miaka mingi, nikakaa Ruiru kati ya watu waliokua na nyimbo zake, nikaitwa siku moja niende nikamwone kwa macho yangu akiimba, nami nikakataa. Nalieleza jambo hili hadharani kwa kuwa najua ugonjwa wenyewe hauko kwangu peke yangu.

Mwaka ule wa 2011 kazi yangu ilikuwa Nairobi na chumba changu kilikuwa Ruiru, katika jumba lililosimamishwa mahali palipokuwa shamba la kahawa. Barabara ya Thika ilikuwa ikichimbwa ili ipanuliwe, na mtu aliyetoka mjini saa kumi na moja jioni akafika kwake kabla ya isha, alihimidi. Ukuta kwa ukuta nami alikaa mzee mmoja aliyemaliza umri wake katika kazi za kahawa. Kila Jumamosi asubuhi alitia kanda zake, akazifungulia sauti, nami nikajivuta shuka kichwani nikisema moyoni: kelele za bara hizo.

Siku moja nikamsikia anacheka peke yake. Nikatoka kumwuliza kulikoni.

"Shehe," akaniambia, na hilo ndilo jina alilonipa tangu siku ya kwanza aliponiona na kofia, "huyu ni Kamaru. Anamwambia mwalimu amwache mtoto wa watu."

Akanipa kigoda, akanimiminia chai, akanifasiria. Wimbo wenyewe ni Ndari ya Mwarimu, wa miaka ya 1960, nao unamsema mwalimu anayewatongoza wasichana wa shule. Walimu walipousikia walihamaki, hata chama chao kikatishia mgomo. Hebu fikirini, walimu wa nchi nzima kutaka kuweka chaki chini kwa ajili ya santuri moja! Sisi huku pwani, shairi la kuwatikisa watu namna hiyo tumelisikia lini mara ya mwisho?

Tangu asubuhi ile nikawa mwanafunzi wa mzee. Kamaru alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939, akashuka Nairobi angali kijana, akifanya kazi za kitumishi. Nyimbo zake zimejaa methali za Kikuyu, neno moja limebeba maana mbili au tatu, na mara nyingine mzee alihitaji robo saa kunifungulia ubeti mmoja. Nikatambua kwamba nimekutana na mtu wa kazi yangu. Tena hakuwa mwoga. J.M. Kariuki alipouawa Machi 1975, nchi nzima ikinong'ona, Kamaru alimtungia wimbo akaumwaga hadharani. Nilimkumbuka Abdilatif Abdalla wetu, aliyekaa kifungoni miaka mitatu, tangu 1969 hata 1972, kwa ajili ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Wawili hawa ungewaweka baraza moja usingepata nafasi ya kutia neno. Sisemi Kamaru hakuwa na lake. Baadaye alimwimba Moi kwa sifa, kisha akageuka. Mshairi naye ni mtu.

Basi ikafika Ijumaa moja, mzee akaniambia kwamba kesho yake kuna arusi ya jamaa zake upande wa Thika, na Kamaru amealikwa, ataimba, twende pamoja. Ilikuwa arusi ya mchana, si kilabuni, wala pombe haikuwamo. Nikamwambia barabara ni mbaya, tena nina makala ya kumaliza. Uwongo mtupu. Makala nilikwisha ipeleka tangu Alhamisi. Nilichokiogopa ni kuonekana: mimi niliyelelewa chuoni, mtu wa vina na mizani, nikae uwanjani juu ya kiti cha plastiki nikimpigia makofi mpiga gitaa ambaye hata lugha yake siijui! Moyoni nikaisingizia dini, na dini haikuwamo katika jambo lile. Mzee akaenda peke yake, akarudi usiku sauti imemkauka kwa kuitikia. Hakunihadithia kitu, nami sikuthubutu kumwuliza.

Mtu atasema, kwani sauti ya kandani si ileile? Si ileile. Ujanani nilimsikia Juma Bhalo arusini Mombasa. Mashairi mengi aliyoyaimba yalikuwa ya Ahmad Nassir, nami nilijiona nayajua kwa kuyasoma. Lakini usiku ule mama mmoja aliinuka kwenda kutunza katika neno ambalo mimi nilikuwa nimelipita mara kumi bila kuliona. Bhalo akamrudilia mama yule ubeti, na uliporudiwa ukawa shairi jingine kabisa. Naye ametutoka, Aprili 2014, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kule chuoni vilevile, maalimu wetu hakumwachia mtoto asome na msahafu peke yake; ilikuwa sharti umsomee yeye, akikutazama mdomo. Siyafananishi maneno ya Mola na gitaa, hasha! Nasema tu kwamba sisi tuliolelewa hivyo ndio tuliopaswa kujua mbele ya wengine kwamba iko elimu usiyoipata ila kwa kukaa mbele ya mwenyewe.

Mwaka 2019 nilipata safari ya Nairobi, nikampitia mzee wangu Ruiru. Nikamkuta anajitayarisha kwenda kwenye sherehe ya mahari ya mjukuu wake, nje kidogo ya mji wa Thika, ng'ambo ya mashamba ya mananasi. Safari hii sikungoja kuombwa mara mbili. Niliswali adhuhuri msikitini Thika, kisha nikaandaliwa mukimo, mzee akiwa amekwisha waagiza wasinitilie nyama. Baada ya chai akasimama mpiga gitaa, mtu wa makamo, yu peke yake na spika moja, akaziimba nyimbo za Kamaru kwa muda wa saa mbili. Vikongwe wakimwitikia kabla hajamaliza mstari. Alipoingia Ndari ya Mwarimu, uwanja mzima uligeuka kumtazama mwalimu mkuu mstaafu aliyekaa meza ya wazee, naye akajifunika uso kwa kofia, akacheka hata machozi yakamtoka. Hilo katika kanda za mzee halikuwamo.

Mzee akaninong'oneza kwamba hayo si kitu, ningaliwaona watu wa gicandi. Wakikuyu wa zamani, akasema, walikuwa na kibuyu kilichochorwa alama, na malenga wawili wakishindana kufumba na kufumbua. Aliyeshindwa hunyang'anywa kibuyu chake. Ewe mtu wa Lamu, nieleze jambo hilo limepitana wapi na gungu lenu.

Ningali nikiyawaza hayo, nikaona yule mpiga gitaa amesimama mbele yangu. Akageuza maneno kwa Kiswahili, sauti ileile, akauliza kwa wimbo kama huyu mgeni wa Mombasa amekuja kula tu au ana neno. Uwanja ukanyamaza. Na mimi, malenga wa magazetini kwa miaka karibu thelathini, nikakosa hata mshororo mmoja. Muyaka bin Haji asingeukosa. Yeye akiwajibu watu uso kwa uso pale Mvita. Sisi wa leo tumezoea kujibizana magazetini, mtu ana juma zima mbele yake na kamusi iko mezani. Mpiga gitaa akaningoja kidogo, vidole vikizunguka palepale, kisha akaniokoa kwa kuisifu kofia yangu, akamwendea mwingine.

Jioni tukapanda matatu kurudi Ruiru. Gari ndiyo kwanza linatoka Thika, mzee akanigeukia.

"Shehe, mbona hukumjibu?"

Nikamwambia nilikuwa natafuta kina. Alicheka mpaka tukaipita Juja.