Asili Ipi Hiyo Mnayoililia?

Kuna neno moja hapa Mombasa limenichosha: asili. Msichana akipanda jukwaani na kinanda cha umeme, akatia mdundo wa chakacha chini ya shairi lake, hakosi mtu wa kusema, "Ah, hii si taarabu asili." Haya. Asili ipi, na ya mwaka gani?

Tuhesabu vyombo basi. Udi ni wa Waarabu. Fidla imetoka Ulaya. Tabla ni ya Bara Hindi. Taishokoto, ile yenye vitufe kama mashine ya taipu, ilibuniwa Japani mwaka 1912, na leo watu wanaizungumzia kana kwamba ilichongwa Kibokoni. Marehemu Juma Bhalo, aliyetutoka mwaka 2014, mahadhi yake mengi yalitoka kwenye filamu za Kihindi, na hakuna asiyejua. Mbona yeye ni fahari ya Mji wa Kale? Kwa sababu juu ya mahadhi ya kuazima aliweka mashairi ya Kimvita yenye vina na mizani, mengine yakiwa ya jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Alichanganya, tukampigia makofi, na alistahili.

Sasa njooni kwa Zuhura Swaleh. Taarabu ilikuwa ya kukaa kitako, unasikiliza, unainuka kutuza, unarudi kwenye kiti. Chakacha ilikuwa ya wanawake wenyewe kwa wenyewe usiku wa harusi, leso kiunoni, mlango umefungwa. Zuhura akauchukua mdundo ule akautia ndani ya taarabu, taishokoto ikikimbia mbele na sauti yake ikiwa juu, kavu, haiombi radhi. Kwangu mimi huo ulikuwa ujasiri kuliko gitaa lolote la fujo la Ulaya.

Na hapa ndipo hoja ya asili inapojikwaa. Katika vyote vinavyosikika kwenye muziki wake, kitu ambacho hakikushushwa bandarini ni huo mdundo wa viuno mnaouonea haya. Mnatetea vilivyokuja na meli, mnakitupa kilichokuwa uani kwa nyanya zetu. Kisha mnaita kulinda mila! Semeni tu ukweli: kinachowakera si mchanganyiko, ni mwanamke kuutoa uani na kuuweka kwenye kipaza sauti.

Wazee wangu, shikamooni, kuna moja nawapa. Hofu yenu kuhusu maneno ni ya haki. Wako vijana wenzangu wanaoazima mdundo na kusahau shairi. Ukiondoa ngoma, kinachobaki ni "beibi" mara arubaini. Huo nao ni uvivu. Lakini basi tusahihisheni kwenye vina, tufundisheni mafumbo, mtukosoe hadi tutoe jasho. Kumwambia mtu "acha hiyo chakacha" hakumfundishi kutunga.

Maana huku sisi tukibishana nani ni halisi, wengine walikuwa wanaokota. Albamu ya Zuhura, Jino la Pembe, ilitolewa mwaka 1992 na GlobeStyle, kampuni ya London. Taarabu ya Mombasa ya 1965 hadi 1975 ilikusanywa upya ikatolewa Ufaransa na Buda Musique. Nawashukuru kwa dhati. Ila ni aibu kijana wa Kuze amjue Zuhura kupitia duka la Paris, na kaseti za shangazi yake zinaota ukungu kabatini.

Kwa hiyo ombi langu si kubwa. Wenye kaseti, zitoeni, zihamishiwe kwenye kompyuta kabla utepe haujakatika. Watangazaji wa redio za Pwani, mpigeni Zuhura saa ambayo watu wako macho. Na yule msichana mwenye kinanda, mwacheni amalize wimbo wake. Akikosea mizani, mwambieni. Chakacha yake msiiguse.