Huruma Haililiwi, Hutendwa

Mtahiniwa, usikimbilie kuandika "toni ya huruma" kwa sababu tu umeona neno yatima au maskini katika shairi. Kwa maoni yangu, washairi wetu hodari huionyesha huruma kwa tendo, si kwa machozi. Chukua Utendi wa Mwana Kupona wa 1858. Mama mgonjwa anamwusia bintiye. Anapogusia mhitaji, hamwambii amlilie; anamwagiza amtendee wema kadiri ya uwezo wake. Toni hapo ni ya kunasihi. Huruma imo ndani ya agizo. Basi jiulize: nafsineni anataka nani afanye nini, kwa ajili ya nani? Jibu hilo ndilo ushahidi wako. Bila ushahidi, umekisia tu, na mtahini hatuzi makisio.