Kiboko cha Tano

Mwezi uliopita, kwenye kikao cha wazazi wa shule anayosoma binti yangu, baba mmoja alisimama akapendekeza walimu "wafunguliwe mikono". Matokeo ya darasa la nne yalikuwa mabaya, utoro umezidi, na dawa aliyoiona ni moja. Mikono ikanyooshwa. Katibu akaandika kwenye muhtasari kwamba wazazi wameridhia watoto wachapwe kadiri mwalimu atakavyoona inafaa. Nilipopinga, mama aliyekaa nyuma yangu aliniinamia akasema kwa upole, "Mama Zawadi, mtoto halelewi kama yai."

Azimio lile ni baya, na halina hata nguvu ya kisheria. Mzazi hawezi kumpa mwalimu ruhusa ambayo kanuni za nchi zimemnyima.

Najua yanayosemwa. Sisi tulichapwa na tukawa watu. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwalimu mwenye watoto mia na ishirini katika chumba kimoja atawatulizaje bila fimbo? Hili la mwisho lina uzito, na mwalimu huyo namhurumia kwa dhati, ila anachokosa ni madarasa na walimu wenzake. Fimbo haimpi kimojawapo. Wakubwa nao wameipamba. Oktoba 2019 Mkuu wa Mkoa wa Mbeya aliwachapa kwa mkono wake wanafunzi wa sekondari huko Chunya, na Rais Magufuli akampongeza hadharani. Miaka miwili baadaye huko Kenya, ambako viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001 na Katiba ya 2010 ikakazia, Waziri wa Elimu George Magoha alitaka virudishwe baada ya wimbi la mabweni kuchomwa moto.

Hao siwashangai sana. Wanaonisumbua ni watu wa busara, wale wanaosema: viboko viwepo, ila kwa utaratibu. Na huo ndio msimamo wa Serikali yetu. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinataka fimbo iwe nyepesi na inayopindika, ipige mkononi au makalioni juu ya nguo, na isizidi mara nne. Achape mkuu wa shule, au mwalimu aliyemkasimia kwa maandishi. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, kama yupo. Adhabu itolewe kwa kosa kubwa la nidhamu, na kila mara iandikwe kitabuni: jina la mtoto, kosa lake, idadi ya viboko, jina la aliyechapa.

Ukizisoma ofisini, zinaonekana kama uzio. Swali langu ni hili: nani anahesabu?

Baada ya kikao nilimwomba mwalimu mkuu anionyeshe kitabu hicho. Ni mtu mwema, hakunificha. Alikitafuta kabatini chini ya mafaili, akakipangusa vumbi, tukakifungua pamoja. Mara ya mwisho kuandikwa ilikuwa miaka miwili iliyopita. Ilhali asubuhi hiyohiyo, nikivuka uwanja, niliwaona waliochelewa namba wamepiga magoti karibu na mlingoti wa bendera, mwalimu wa zamu akipita na fimbo. Na darasani kuna desturi ambayo kila mzazi anaijua: hesabu moja uliyokosa, kiboko kimoja. Mtoto aliyekosa saba anapata saba. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu, sembuse kuwa kosa kubwa. Ni sababu ya mtoto kuwa shuleni.

Tumfuate basi huyo anayetakiwa kuhesabu. Mwalimu mkuu yuko ofisini kwake, na anayechapa ni mwenzake anayemhitaji kesho afundishe vipindi viwili vya ziada. Mthibiti ubora wa shule akija, anakuja kwa taarifa, na siku hiyo fimbo hazionekani. Wazazi hatupo. Anayekuwepo kila kiboko kinaposhuka, bila kukosa hata mara moja, ni mtoto. Tumemwachia mtoto wa miaka kumi na moja, mkono ameunyoosha, kazi ya kulinda kikomo cha sheria ambayo hakuna mtu aliyewahi kumsomea.

Nilimuuliza binti yangu mara ya mwisho walimchapa vingapi. "Sikuhesabu, mama. Ukihesabu vinauma zaidi."

Tuseme alihesabu, na cha tano kikaja. Amwambie nani? Mwalimu mkuu aliyetoa ruhusa? Baba yake, aliyenyoosha mkono kwenye kikao? Nyumbani kwetu, nasema nyumba nyingi za Kitanzania na yangu miaka ya nyuma ikiwemo, mtoto akisema amechapwa swali la kwanza ni "ulifanya nini?" Wengine huongezwa vingine palepale. Baada ya hapo hasemi tena. Anajifunza kwamba mtu mzima akiumiza mwili wako ana sababu, na wewe kazi yako ni kutulia.

Hapa subira inaniishia. Mtoto huyohuyo ndiye tunayemfundisha jioni kwamba mtu akimshika vibaya apige kelele aje kutuambia. Atatuambiaje? Mchana kutwa amefundishwa kinyume chake, kwa fimbo, na watu anaoamriwa kuwaheshimu, kwa ridhaa yetu tuliyoitia saini. Anayemwinda mtoto anahitaji mtoto aliyezoea kunyamaza, nasi tunamwandalia huyo mtoto kwa kodi na michango yetu. Nilitamani kumweleza haya yule mama wa nyuma yangu, lakini kikao kilikuwa kimehamia kwenye michango ya uji.

Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti ambamo waliwahoji watoto 409 wa shule moja ya msingi hapa nchini. Asilimia 95 walisema wamewahi kupigwa, nyumbani na shuleni, na waliopigwa zaidi na wazazi au walezi ndio waliokuwa wagomvi zaidi na wazito zaidi kumsaidia mwenzao. Niambieni kikomo kiko wapi katika asilimia 95. Na Bukoba, Agosti 2018, mvulana wa darasa la tano alishukiwa kuiba mkoba wa mwalimu, akapigwa hadi akafa. Machi 2019 Mahakama Kuu ilimtia mwalimu mmoja hatiani kwa mauaji. Kanuni ya viboko vinne ilikuwa na umri wa miaka 16, mkubwa kuliko mtoto aliyezikwa.

Tusijifanye pia kwamba hakuna njia nyingine. Katika wilaya ya Luwero, Uganda, shule za msingi 42 ziligawanywa. Nusu zikapewa mpango wa miezi 18 wa kuwashirikisha walimu na wanafunzi kutunga taratibu za shule na kutafuta adhabu zisizo za kupiga; nusu nyingine zikasubiri zamu yao. Matokeo yalitoka 2015. Katika shule zilizosubiri, watoto 49 kwa kila 100 walisema wamepigwa na mwalimu wiki iliyotangulia. Katika zilizopata mpango walikuwa 31. Bado 31 ni wengi mno, lakini walimu walikuwa wa aina ileile na wilaya ilikuwa moja.

Kanuni zetu za viboko hazikupitishwa na Bunge. Zilitungwa na waziri kwa mamlaka aliyopewa na Sheria ya Elimu ya 1978, na waziri anaweza kuzifuta kwa tangazo jingine katika Gazeti la Serikali. Wakati tukisubiri tangazo hilo, nimemwandikia mwalimu mkuu barua ya mistari mitatu. Binti yangu asipigwe. Akipigwa, naomba siku hiyohiyo nakala ya ukurasa wa kitabu wenye jina lake, idadi ya viboko, na jina la aliyehesabu.