Ngao na Kibandiko Chake

Na Nafula Wekesa

Wiki jana mpwa wangu, mwanafunzi wa shule ya upili hapa Kitale, alinijia na kurasa nne alizochapisha saiba. Zilikuwa insha yake kuhusu vita vya Chetambe vya 1895, Wabukusu walipokabiliana na jeshi la Waingereza katika ngome yao karibu na Webuye. Kila aya ilisema "wanahistoria wanaeleza". Nikamuuliza, "Wepi?" Akainamisha kichwa.

Nikampeleka Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham. Tukasimama mbele ya ngao. "Ngao hii ni chanzo cha msingi," nikamwambia. "Kibandiko kilicho chini yake ni cha upili. Mwandishi wake hakuibeba vitani."

"Basi shangazi, kitabu cha Hobley ni cha msingi! Yeye alikuwepo."

Kweli, Charles Hobley alikuwepo, upande wa Waingereza. Lakini kitabu chake kilitoka 1929, miaka 34 baadaye. Ni ushahidi wa msingi wa alivyokumbuka mshindi. Yaliyosemwa ndani ya ngome wakati wa vita, Hobley angeyajuaje?

Upande wa pili tunaupata kwa Gideon Were, aliyezunguka magharibi mwa Kenya akiwasikiliza wazee. Mwaka wa 1967 alichapisha historia ya Abaluyia, wakiwemo Wabukusu, na kando yake akachapisha masimulizi yenyewe. Hapo ndipo ninapomvulia kofia: alitupa ugali na unga wake. Historia aliyoiandika ni chanzo cha upili. Masimulizi yanatuwezesha kumkagua.

Hata hivyo, mzee aliyesimuliwa na babake si shahidi wa risasi. Ni shahidi wa jinsi ukoo wake ulivyozikumbuka. Ndiyo maana umri wa karatasi haufanyi chanzo kuwa cha msingi, wala mdomo haukifanyi kuwa dhaifu. Unauliza nini? Swali ndilo linaloamua. Hata zile kurasa za saiba ni chanzo cha msingi, kwa atakayechunguza jinsi wanafunzi wetu wanavyonakili.

Walimu, msiwaulize watoto orodha ya vitabu tu. Waulizeni: aliyesema haya alisimama wapi, na lini?

Jumamosi mpwa wangu na mimi tutapanda matatu hadi Webuye, tukwee kilima, tukaone kilichobaki cha mtaro wa ngome. Nimemwambia aje na daftari, simu aiache nyumbani.