Kuhama Windows 10 kwenda Linux: programu moja, milango minne, na mega zinalipwa na nani?

Tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Microsoft imesimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine nyingi za mkono wa pili, zile zinazoandika barua na kuchapisha karatasi za wanafunzi, hazikubali Windows 11, kwani mfumo huo unadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa isiyo ya zamani sana. Muda wa nyongeza waliopewa watu binafsi utaisha mwezi wa kumi 2026. Ndiyo maana Linux, mfumo huria usiolipiwa, unazungumziwa leo hata na watu ambao zamani hawakutaka kuusikia. Watengenezaji wa KDE na wenzao walianzisha hata kampeni, End of 10, ya kuwaambia watu wasitupe kompyuta ambayo bado inafanya kazi.

Jambo moja halisemwi sana katika kampeni hiyo. Mtu anayehama, awe Bukavu, Butembo au Kalemie, siku ya kwanza tu atataka kuingiza programu, na atakuta programu ileile ikimngojea kwenye milango mitatu au minne. Firefox iko katika ghala la mfumo wenyewe, iko pia kama Snap na kama Flatpak. Kwa programu nyingine kuna faili moja la AppImage. Zote zinafungua dirisha lilelile, lakini ukubwa wake unatofautiana sana, na anayejibu likitokea tatizo si mtu mmoja.

Tuanze na chanzo. Linux si kampuni. Ni matawi mengi: Debian, Ubuntu, Fedora, Mint na mengine. Kila tawi lina ghala lake, na lina watu wanaochukua programu ya mtengenezaji, wanaikagua, wanaifunga upya ili ipatane na vipande vingine vya mfumo, kisha wanaigawa. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 mwezi wa nane 2025, ina vifurushi zaidi ya 69,000. Uzuri wa njia hii ni kwamba vipande vya pamoja vinawekwa mara moja tu. Programu ishirini zikihitaji kipande cha kusoma picha, zote zinatumia kilekile. Ubaya wake ni kwamba mtengenezaji mdogo hawezi kufunga programu yake kwa matawi kumi, na kwa matoleo mbalimbali ya kila tawi.

Hata Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux, alilalamika waziwazi mwaka 2014 mbele ya mkutano wa watu wa Debian. Alikuwa ameandika programu ya wapiga mbizi, Subsurface, na akaeleza kwamba kuitoa tayari kwa Windows na Mac kulikuwa rahisi kuliko kuitoa kwa Linux. Mwenye nyumba alikosa ufunguo wa mlango wake!

Majibu yalikuja matatu. AppImage ni faili moja lenye kila kitu ndani: unalipakua, unaliruhusu, linafunguka. Snap ililetwa na Canonical, kampuni ya Ubuntu, na ikajulikana sana na Ubuntu 16.04 mwaka 2016. Flatpak ilianzishwa na Alexander Larsson, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwezi wa nane 2018. Flatpak ina duka lake kubwa, Flathub, ambalo mwezi wa kwanza 2024 lilitangaza kupita watumiaji milioni 1. Ahadi ya zote tatu ni moja: mtengenezaji afunge mara moja, programu ifanye kazi popote. Ahadi hiyo ina matundu yake. Kwa mfano AppImage nyingi zilikataa kufunguka kwenye Ubuntu 22.04, mpaka mtu aongeze kipande kidogo kiitwacho libfuse2.

Kwa mtengenezaji, ni kweli mzigo umepungua. Lakini mzigo haukupotea, umehamia kwa wengine, na ugomvi umekuwa juu ya nani anashika duka. Snap inategemea duka moja la Canonical, ambalo programu ya seva yake haiko wazi kwa watu. Mwaka 2020 Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu, iliamua kuzuia Snap isijiingize yenyewe kwenye mashine za watu wake. Canonical nayo, mwezi wa pili 2023, ilitangaza kwamba matawi yote rasmi ya Ubuntu hayataweka tena Flatpak kama kitu cha kawaida kuanzia toleo la 23.04. Flatpak haikupigwa marufuku, mtu anaweza kuiongeza mwenyewe. Ila mgeni hajui kwamba kuna kitu cha kuongeza.

Mwezi wa pili 2025 moto ulihamia Fedora. Wenye OBS Studio, programu ya kurekodi na kurusha video, walikuwa wameweka Flatpak yao wenyewe kwenye Flathub. Fedora nayo ilikuwa imefunga Flatpak yake ya programu hiyohiyo, yenye kasoro, na watumiaji walipopata shida walikwenda kulalamika kwa wenye OBS. Hao wakachoka, wakatishia kutumia sheria ya kulinda jina lao. Pande mbili zilikaa zikazungumza, na tisho likaondolewa. Lakini ona: hapa hata aina ya kifurushi ilikuwa moja. Kilichogombewa ni nani anaruhusiwa kusimama mbele ya mtumiaji na kusema "hii ni OBS".

Ukitaka kujua kwa nini swali hilo lina uzito, angalia kilichotokea mwezi wa pili 2024. Katika duka la Snap mtu aliweka programu ya uongo iliyojifanya Exodus, pochi ya sarafu za kidijitali. Mtumiaji mmoja aliandika humo maneno yake ya siri, akapoteza bitkoini 9, ambazo wakati huo zilikuwa karibu dola 490,000. Mwezi uliofuata Canonical ilianza kukagua kwa mkono wa mtu kila jina jipya linaloombwa kuandikishwa dukani. Katika ghala la Debian, mtu asiyejulikana hawezi kuingiza kifurushi kwa siku moja namna hiyo. Polepole yake, ambayo wengi wanailaumu, ni sehemu ya ulinzi.

Kuna na hatari nyingine isiyo na mwizi. Mwezi wa tisa 2023 kiligunduliwa kitundu kikubwa cha usalama katika libwebp, kipande kidogo kinachosoma picha za WebP. Kwa programu zinazotumia kipande cha pamoja cha ghala, sasisho moja lilitosha. Lakini programu nyingi zilikuwa zimebeba nakala yao ndani, na kila moja ilibidi imngojee mtengenezaji wake. Mwenye bidii alitengeneza upesi. Aliyeacha programu yake miaka miwili iliyopita, je, nani angemwamsha?

Sasa tufike kwenye mega, kwani huko ndiko sisi tunaumia kuliko mtu wa Berlin. Flatpak ya kwanza unayoingiza haiji peke yake. Inakuja na msingi wa kusimamia juu yake, na msingi huo ni mamia ya mega. Programu ya pili ikitumia msingi uleule, itakuwa nyepesi zaidi. Ikitaka msingi mwingine, unalipa tena. Ni kweli sasisho za baadaye huchukua zaidi sehemu zilizobadilika tu. Snap nayo hutafuta sasisho yenyewe mara nne kwa siku bila kukuuliza, na mtu aliyenunua forfe ndogo ya kutuma kazi yake anaweza kukuta imeisha kabla hajafungua barua pepe. Dawa ipo, amri ya snap refresh --hold, inayosimamisha sasisho hizo. Lakini ukizisimamisha usisahau kuzirudisha siku ukipata intaneti nzuri, la sivyo umejifungia matundu ya usalama ndani ya nyumba.

Kwa hesabu hiyo, kwenye mashine ya zamani yenye diski ndogo, ningechukua karibu kila kitu kutoka ghala la tawi lenyewe, hata kama toleo lake limepitwa kidogo. Kuandika barua hakudai LibreOffice ya wiki hii. Flatpak ningeiacha kwa programu moja au mbili ambazo ghala halina, au ambazo ni lazima ziwe mpya, na ningetazama kwanza kama mtengenezaji wake ndiye aliyeiweka dukani. Flathub inaweka alama kwa programu zilizothibitishwa.

Kwa shule au ofisi yenye mashine kumi, kupakua mara kumi hakuna maana. Debian bado inatoa nakala za DVD zinazoweza kuingizwa bila intaneti. Flatpak ina amri isiyojulikana sana, flatpak create-usb, inayonakili programu pamoja na msingi wake kwenye flashi, ili mashine nyingine zichukue humo. Inadai kupanga mambo mawili matatu kabla, na mtu mmoja mwenye intaneti ya kutosha kupakua mara ya kwanza.

Muda wa kuchagua hivi huenda ukapungua. Mwezi wa sita 2023 ilijulikana kwamba Red Hat itaacha kufunga LibreOffice katika matoleo yajayo ya mfumo wake wa makampuni, na anayeitaka ataelekezwa kwenye Flatpak. Ni programu ileile ambayo wengi wetu tungeihitaji kabla ya nyingine zote.